Barua iliyo kwenye kiatu cha kushoto

Dodoma, Jumatano usiku

Mwanangu,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusimalize karatasi. Huku hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua tangu huu upepo uanze, lakini sahani yake ya ugali na mlenda bado anaimaliza, na bado anauliza mwalimu ataoa lini.

Hizi raba hukuzisahau. Nilizificha mimi uvunguni, Jumapili ile ulipokuwa unaaga, ukarudi Kondoa na vile viatu vyako vya kufundishia. Nisamehe. Ila nilipokuuliza unazifuaje ukanijibu, mdomo umejaa wali: "Naloweka tu mama, Ijumaa jioni mpaka Jumamosi." Nikanyamaza kwa kuwa tulikuwa na wageni. Miaka 11 nauza raba za mtumba pale Sabasaba, ada yako ya chuo imetoka humo humo, halafu mwanangu mwenyewe analoweka!

Raba haiuawi na vumbi, baba. Inauawa siku ya kufuliwa. Raba nyingi soli yake haikushonwa, imegandishwa kwa gundi, na gundi hiyo ina maadui wawili: kukaa majini muda mrefu, na joto. Wewe unaikutanisha na wote, unailoweka usiku kucha kisha unaianika kwenye jua kali la mchana. Sikucheki. Mwaka wangu wa kwanza sokoni nilipata jozi moja nyeupe, nzuri hata nikaogopa kuigusa. Nilitaka ing'ae zaidi. Nikailoweka kwenye jiki, asubuhi nikaianika juu ya bati, mwezi wa kumi, unalijua jua la hapa mwezi wa kumi. Saa tisa naenda kuichukua, kiatu kimoja kinacheka, soli imeachia kuanzia kidoleni, na ile nyeupe imekuwa njano kama jino la mvuta kiko. Nilikuwa nimeinunua 18,000, nikitarajia 35,000. Fundi viatu akanipa 4,000, akachukua kamba na soli. Nilikula hasara hiyo peke yangu, baba yako mpaka leo hajaambiwa.

Sasa nikueleze nilivyozifanya hizi zako, maana nimezisafisha leo jioni kibarazani, na maji niliyotumia hayakufika hata lita moja.

Kwanza sikuzipeleka kwenye maji kabisa. Nilitoa kamba, nikatoa soli za ndani, nikazigonganisha nje ya ukuta. Vumbi lililotoka lingetosha kuotesha mchicha. Kisha burashi kavu, ile ya nywele laini, kuanzia juu kushuka chini. Watu hawana subira na hatua hii, na ndiyo kazi yenyewe. Vumbi likikutana na maji kabla ya burashi linageuka tope, na tope unalisukumia ndani ya kitambaa kwa mkono wako mwenyewe. Hata ukikanyaga tope bichi, liache likauke, ndipo ulipukute. Chini ya soli nilichomoa mbigili saba kwa pini. Saba! Moja ilikuwa imezama mpaka kichwa. Mbigili ukiiacha, kila hatua unaigongomelea zaidi, siku moja inatokea upande wa pili inakusalimia unyayo.

Baada ya hapo, bakuli dogo la maji ya vuguvugu, sabuni ya unga kijiko cha chai, nikapiga mpaka likaja povu. Mwanangu, unafua kwa povu, si kwa maji. Mswaki wa zamani unachota povu juu juu, unasugua kwa viduara vidogo, unafuta kwa kitambaa chenye unyevu kabla povu halijakauka, unahamia sehemu nyingine. Ubavu wa soli nilitumia dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida, ina chembechembe za kusugua. Hiyo iishie kwenye mpira tu, ukiipaka kwenye kitambaa cha rangi itakuachia baka. Na michubuko myeusi iliyobaki niliitoa kwa raba. Ndiyo, raba ya kufutia daftari. Raba kwa raba. Bibi yako alicheka mpaka akasahau goti.

Ule wekundu ulionitisha kwenye kitambaa cha mbele ndio wa udongo wa Kondoa. Wazee wa huko watakusimulia jinsi ardhi ilivyomomonyoka ikabaki makorongo, mpaka mwaka 1979 mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ukaondoa mifugo eneo zima ili ardhi ipone. Nami nikiona udongo ule kwenye kiatu huwa nasema huyu hatoki bila mazungumzo. Wekundu wake ni kutu ya chuma, na kutu haiogopi jiki, jiki inalikaza doa badala ya kulitoa. Kinacholegeza kutu ni limau. Kwa kitambaa cheupe tu, baada ya burashi na povu: unakamulia limau, unasubiri robo saa, unafuta kwa maji safi mara mbili. Unapowapandisha wanafunzi kule Kolo kuona michoro ya miambani, vaa zile raba nyeusi za zamani, hizi ziache nyumbani.

Halafu kuna lile doa la zambarau kwenye kidole cha kiatu cha kulia. Hukuliongelea, lakini mimi ni mtu wa Dodoma, doa la zabibu silihitaji kuambiwa. Nikaligusa kwa sabuni ya mche, na hapo ndipo nilipokosea kwa haraka zangu: likageuka bluu mbele ya macho yangu, bluu ya wino. Nikakumbuka ulivyonionyesha mwenyewe, ukiwa kidato cha tatu, ukamwaga maji ya zabibu kwenye vikombe viwili vyangu vya chai, kimoja ukatia limau, kingine sabuni, ukasema mama hiki ni kiashiria, asidi inakuwa nyekundu, besi inakuwa bluu. Nilikugombeza kwa ajili ya vikombe. Basi leo nikakamua limau, bluu ikarudi wekundu hafifu, nikasuuza kwa maji baridi kwa kukandamiza kitambaa, bila kusugua. Limebaki kivuli. Ungelisuuza siku ile ile kwa maji baridi pasingekuwa na hadithi, ila nani anavua kiatu katikati ya shamba la zabibu.

Mwaka ule ule ndio ulikuja na habari ya maji magumu, ukanieleza kwa nini sabuni ya mche kwa maji ya hapa inatoa utando mweupe badala ya povu. Mimi nilikuwa nalaumu sabuni. Tangu hapo raba nafua kwa sabuni ya unga, na maji ya kumalizia nayachemsha, nayaacha yapoe, nachota ya juu, chenga zinabaki chini ya sufuria. Huko uliko utajipimia mwenyewe: ukiona sabuni ya mche inagoma kutoa povu, fanya hivyo. Na kiatu kikikauka kikatoa mistari ya chumvi, siki sehemu moja kwa maji sehemu mbili, unafuta kwa kitambaa, imekwisha.

Kukausha ndipo vijana wote mnapoharibu. Jua linakausha upesi, kweli, lakini linalegeza gundi na kuugeuza mpira mweupe kuwa njano. Hewa ya kwetu msimu huu ni kavu kiasi kwamba kivulini usiku mmoja unatosha. Unajaza karatasi ndani ili kidole kisinyong'onyee na unyevu uvutwe. Baada ya saa mbili unazitoa zilizolowa unaweka nyingine. Gazeti linafaa, ila kwa raba nyeupe lisiguse kitambaa, wino wake unahama. Kwa nje nilizifunga zako tishu nyeupe, zikabana kabisa kama mgonjwa wa kichwa. Uchafu uliosalia kwenye maji unapanda nayo kuelekea inakokaukia, unaishia kwenye tishu badala ya kwenye kiatu. Asubuhi utaona tishu ina umanjano. Nilipokuwa mgeni wa biashara nilidhani ni uchawi wa yule mama wa meza ya jirani, kumbe ni tishu tu.

Kamba nimezifua pembeni, hizo ndizo unazoruhusiwa kuloweka. Soli za ndani zifue kwa povu na zikauke siku mbili kabla ya kuzirudisha, harufu yote inalala humo. Na usivae raba moja kila siku. Jasho la leo linahitaji kesho nzima kutoka.

Rafiki yako unayekaa naye ana zile raba za swedi, ngozi yenye vinyweleo laini. Mwambie asithubutu maji. Burashi kavu, na hiyo hiyo raba ya kufutia.

Nimekununulia mswaki mpya wa meno, maana kwa jinsi ninavyokujua utatumia ule ule mmoja kwa kazi zote mbili. Uko kiatu cha kulia, pamoja na kamba za akiba na limau mbili. Mzigo nitaulipia huku huku stendi, konda akikudai chochote mwambie mama ana risiti.

Mama yako