Mabomba ya faiba yalazwe kabla ya lami

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ujenzi wa mtandao wa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazoleta intaneti kwa mwanga, hapa Lubumbashi, hasa uchimbaji wake. Kampuni moja inachimba mtaro kando ya barabara, inalaza waya, inarudisha udongo ovyo. Baadaye inakuja nyingine kuchimba palepale, na pengine sururu inakata waya wa ile ya kwanza. Mwenye duka anabaki na shimo mlangoni, na mvua za Januari zinamalizia kazi.

Katika kazi hii kinachokula fedha nyingi ni kuchimba, si waya wenyewe. Kwa hiyo naomba mji uweke sharti moja tu: barabara yoyote ikitengenezwa, iwe Katuba au Ruashi, mabomba matupu ya plastiki yalazwe kabla ya lami, na kila kampuni ipitishe waya wake humo kwa kulipa pango lililotangazwa wazi. Vijiji vya njia ya Kipushi navyo visisahauliwe. Katika mfumo wa GPON, ambao ni njia ya kugawa faiba hadi majumbani, uzi mmoja wa faiba hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64, na mwanga husafiri hadi kilomita 20 hivi bila kifaa chochote cha umeme njiani. Kwetu sisi tuliozoea kukatiwa umeme, hilo si jambo dogo.

ARPTC, mamlaka ya serikali ya posta na simu, inasimamia mawasiliano ya nchi nzima, sawa. Lakini mitaro ni ya mji, na meya anaweza kuanza na barabara itakayofuata kutengenezwa.

Msomaji wenu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi