Mwenye shahada ya sayansi asihukumiwe kwa cheti cha kidato cha nne anapoomba uuguzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa vijana wengi wa jiji hili kila dirisha la udahili linapofunguliwa, nalo ni namna vyuo vyetu vinavyowapokea, au tuseme vinavyowarudisha nyumbani, watu waliokwisha kupata shahada katika fani nyingine ya sayansi na ambao sasa wanataka kusomea uuguzi.

Mimi ni muuguzi, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasimamia wanafunzi wanaoletwa wodini kwa mazoezi ya vitendo. Mwaka huu binti wa dada yangu, ambaye ana shahada ya ualimu wa sayansi na anafundisha Baiolojia na Kemia katika sekondari moja ya binafsi, aliniomba nikae naye wakati akijaza maombi ya stashahada ya uuguzi na ukunga. Kitu cha kwanza alichoulizwa na mfumo ni namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Alipoiandika, matokeo yakajitokeza yenyewe, na Fizikia ikasomeka F. Kwa kuwa sifa za kujiunga na stashahada zinataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia katika kidato cha nne, maombi yake yaliishia hapo hapo. Hapakuwa na mahali pa kuambatisha transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake, ya chuo kikuu. Tulipokwenda chuoni kuuliza, ofisa wa udahili alimshauri, kwa upole wote, arudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea kisha aombe tena mwaka unaofuata. "Mama mdogo," aliniuliza tulipotoka, "ina maana hata baiokemia niliyosoma chuo kikuu haihesabiki?"

Simlaumu ofisa yule, kwa sababu kanuni hakuitunga yeye. Wala sisemi kwamba kanuni yenyewe haina maana. Kwa kijana wa miaka 18 ina mantiki kamili, kwa kuwa chuo hakina ushahidi mwingine wa kujua kama ataweza kuhimili fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, na famakolojia, elimu ya dawa. Kwa mtu aliyesoma sayansi chuo kikuu kwa miaka mitatu ushahidi mwingine upo, ni mpya zaidi, na umepimwa kwa kiwango cha juu zaidi. Ninachoomba ni kwamba ushahidi huo usomwe. Hata anayejaribu mlango wa pili, yaani shahada ya uuguzi ya miaka minne, anakutana na swali lile lile kwa sura nyingine: anaulizwa ufaulu wake wa kidato cha sita katika masomo matatu, Kemia na Baiolojia yakiwamo, na sifa linganishi inayotajwa kwa kawaida ni stashahada ya uuguzi, wala si shahada ya sayansi ya fani nyingine.

Nchi nyingine zilikwisha kulitazama jambo hili kwa makini. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianzisha mwaka 1971 programu ya uuguzi ya muda mfupi kwa watu wenye shahada nyingine, na leo programu za namna hiyo ziko nyingi, zikichukua takribani miezi 11 hadi 18 ya masomo mfululizo. Mwombaji hapokelewi kwa kuwa na shahada tu. Anatakiwa awe amefaulu anatomia, fiziolojia, mikrobaiolojia na takwimu, na vyuo vingi hukataa masomo ya sayansi yaliyosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita, hivyo aliyekaa sana anayarudia. Akimaliza anafanya mtihani wa leseni ule ule wanaofanya wenzake waliosoma kwa njia ndefu. Uingereza nako mwenye shahada anaweza kusoma uuguzi kwa miaka miwili katika ngazi ya uzamili, na baraza la wauguzi la huko linaruhusu mafunzo ya awali yatambuliwe kwa kiasi kisichozidi nusu ya programu nzima, ambayo ni saa 4,600 na nusu yake ni ya vitendo. Tazama jinsi sharti lao la umri wa masomo lilivyo kinyume na utaratibu wetu: wao wanatilia shaka sayansi iliyosomwa zamani, sisi tunaiacha ya juzi na kuishikilia ya zamani.

Najua baadhi ya wauguzi wenzangu watasema kwamba hii ni njia ya mkato, na kwamba tutaletewa wahitimu waliokosa ajira kwingine wasio na moyo wa kazi. Wasiwasi huo nauelewa, ila moyo wa kazi haupimwi na F ya Fizikia. Unapimwa kwa usaili, na zaidi ya hapo unapimwa na zamu ya usiku. Kuhusu mkato, naomba nieleze ninachokiona wodini. Niliwahi kumsimamia mwanafunzi aliyekuwa na shahada ya sayansi ya maabara kabla ya kuingia uuguzi. Alijua, bila kufundishwa na mtu, kwa nini potasiamu haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa na kwa nini mgonjwa wa figo huangaliwa zaidi anapowekewa dripu, mambo ambayo wenzake walihitaji muda kuyaelewa. Lakini alipotakiwa kumgeuza mgonjwa aliyepooza bila kumchubua mgongo, au kumwogesha mzee kitandani huku akimsitiri, alikuwa mgeni sawasawa na wao, na mikono yake ilitetemeka vile vile.

Kwa sababu hiyo napendekeza kinachofupishwa kiwe ni kile ambacho mwombaji anakijua tayari, yaani sayansi za msingi, na saa za wodini zisiguswe hata moja. Aliyefaulu fiziolojia chuo kikuu asikalishwe tena darasani kuisoma upya. Kuzalisha, kufunga vidonda, kujaza chati ya mwenendo wa uchungu na kukabidhi wagonjwa kwenye zamu inayoingia avifanye vyote kama ambaye hajawahi kusoma chochote. Mafunzo tarajali ya mwaka mmoja baada ya shahada yabaki, na mlango wa mwisho, yaani usajili na leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2010, uwe ule ule kwa wote. Kutambua alichonacho mtu si jambo geni hapa kwetu: Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Dar es Salaam kimekuwa kikiwapokea wauguzi wa stashahada walio kazini ili wajiendeleze hadi shahada.

Suala la fedha nalo lina uzito. Binti yetu huyu alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na bado anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Akipitia njia ya shahada, miaka minne ya masomo na mmoja wa utarajali ni miaka mitano, na wazazi wake wanamtegemea. Kumpunguzia mwaka mmoja au zaidi wa masomo aliyokwisha kuyafaulu kungeamua kama anaingia uuguzi au anaacha.

Wanaohama chuo kimoja cha uuguzi kwenda kingine wana hali tofauti kidogo, kwa kuwa wao wameshapokelewa katika fani, na kinachowakwamisha zaidi ni nyaraka. Transkripti huonyesha jina la kozi na alama, lakini chuo kinachopokea hutaka kujua kilichofundishwa na kwa saa ngapi. Anayefikiria kuhama achukue mapema muhtasari wa kila kozi aliyosoma uliogongwa muhuri wa chuo, pamoja na nakala ya kitabu chake cha mazoezi ya vitendo kilichosainiwa na wasimamizi wa wodi. Hiki cha pili ndicho husahaulika, na kukitafuta ukiwa umeshaondoka ni kazi.

Ombi langu kwa Tume ya Vyuo Vikuu, NACTVET (baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, zikiwamo stashahada) na Baraza letu la uuguzi ni kwamba wakae pamoja kabla ya dirisha lijalo la udahili na kuweka katika mfumo wa maombi sehemu ya mwenye shahada ya sayansi kuambatisha transkripti yake, waeleze ni masomo gani yatahesabika na yasiwe yamesomwa zaidi ya miaka mingapi iliyopita, na waruhusu kila chuo cha uuguzi kutenga nafasi chache za majaribio kwa waombaji wa aina hii, wafuatiliwe hadi kwenye mtihani na wodini.

Muuguzi msimamizi wa wanafunzi,
Tabata, Dar es Salaam.