Mama mwenye mtoto mchanga hajapoa kiimani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wachungaji, wazee wa kanisa na Wakristo wenzangu juu ya jambo ambalo akina mama wengi wenye watoto wadogo hunong'onezana wakisubiri zamu kliniki, lakini ni nadra kulisema kanisani. Mimi ni Mlutheri, mama wa watoto watatu; mkubwa ana miaka sita na mdogo ana miezi minane. Tangu nijifungue huyu wa mwisho nimeambiwa mara mbili, tena na watu wanaonipenda, kwamba nimepoa kiimani.

Wanasema hivyo kwa sababu sionekani kwenye jumuiya, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja nyumbani, ambayo kwetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo mtoto ndiyo kwanza amepata usingizi baada ya kunikesha usiku kucha. Jumapili nilikuwa nikijitahidi kufika. Jumapili moja, katika usharika ambao sitautaja, mzee wa kanisa alinijia katikati ya mahubiri, akainama na kuniomba kwa upole nitoke nje kwa kuwa mtoto alikuwa analia. Nilitoka. Nilikaa kwenye ngazi nikamnyonyesha nikiwa nimejifunika kanga, nikayasikiliza mahubiri kupitia spika, na Meza ya Bwana ikapita nikiwa huko huko nje. Sina kinyongo na mzee yule, na ninajua wapo wafiwa na wagonjwa wanaokuja ibadani kutafuta utulivu. Hata hivyo, kanisa letu hubatiza watoto wachanga, na siku ya ubatizo wazazi na wasimamizi huahidi mbele ya usharika mzima kwamba watamlea mtoto katika imani. Sielewi inakuwaje mtoto awe mshiriki wa Kristo siku ile, kisha Jumapili inayofuata ageuke kuwa usumbufu. Marko anatueleza kwamba wanafunzi waliwakemea watu waliowaleta watoto, na aliyechukizwa ni Yesu mwenyewe, akasema, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie."

Lipo andiko jingine ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa kwa upande huu. Hana, mama yake Samweli, tunamkumbuka kwa machozi yake ya kuomba mtoto na kwa siku aliyompeleka hekaluni. Katikati ya hayo mawili, katika sura ya kwanza ya kitabu cha Samweli wa Kwanza, imeandikwa kwamba Elkana na nyumba yake walipokwea kwenda Shilo kutoa dhabihu ya kila mwaka, Hana hakukwea. Alimwambia mumewe kwamba atabaki hadi mtoto aachishwe maziwa, na mumewe akamjibu afanye aonavyo vyema. Mwanamke aliyeomba kuliko wote alikaa nyumbani akinyonyesha, na Biblia haimhesabii kosa. Wala mumewe hakumwambia kwamba amepoa.

Nyumbani ndiko imani yangu inakoishi kwa sasa, nayo haina muda wa kujipamba. Huomba nikiwa nakoroga uji, nikishika mwiko kwa mkono mmoja na mtoto akiwa mgongoni, na mara nyingi sala hukatika kabla ya amina kwa sababu kuna aliyeanguka au aliyemwaga maji. Mwezi uliopita mdogo alishikwa na homa usiku. Nilikuwa nakamua kitambaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, taa ya chumbani ikiwa imezimika, pale binti yangu wa miaka sita alipotoka ndani ya chandarua, akamwekea mdogo wake mkono kwenye paji la uso kama anavyoniona nikifanya, akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye mkate wetu alisahau maneno. Alirudi mwanzo, akasahau tena pale pale, akarudi mwanzo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kulipopambazuka tulikwenda zahanati, mtoto akapimwa malaria na akapewa dawa, na siku ya tatu alikuwa anacheka. Paulo alipomwandikia Timotheo aliitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na tangu usiku ule naamini imani ya namna hiyo ilipita kwa watoto kwa kuona zaidi kuliko kwa kufundishwa.

Kwa ndugu zangu Walutheri nakumbusha pia kwamba mwaka 1522, alipoandika kuhusu ndoa, Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, alisema kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anaweza kuchekwa na watu, lakini Mungu pamoja na malaika wote humfurahia. Wakati huo alikuwa hajaoa. Alioa mwaka 1525, akapata watoto sita. Naomba isisahaulike kwamba hapo alimtaja baba. Akina baba wengi hukaa upande wa pili wa kanisa na vitabu vyao vya nyimbo, wakati mama anahangaika na watatu kwenye benchi moja. Mume wangu sasa humbeba mmoja tangu tunapotoka nyumbani, na hilo peke yake limeniwezesha kuisikia ibada nzima mara mbili mwezi huu.

Ombi langu kwa sharika zetu si kubwa. Wazee wa jumuiya waulize mama aliyejifungua ni saa ngapi inamfaa, na mara moja kwa mwezi ibada ya jumuiya ihamie kwake, watu wakae sebuleni hata kama mtoto analia. Kanisani litengwe benchi karibu na mlango, ndani na si nje, ili mama aweze kusimama na kumbembeleza mtoto bila kukatiza njia ya wengine, na awepo mama mmoja wa zamu wa kumpokea mtoto wakati mwenzake anakwenda Meza ya Bwana.

Mama wa watoto watatu,
Arusha