Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filimbi za Kuitia Bata, Hela Zetu, na Kosa Langu la Dola 640

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kukusanya filimbi ambazo wawindaji hupuliza kuwaita bata wa porini, mama zetu, wazee, vijana, habari za huko mliko. Najua wengine mtaisoma hii mkiwa kwenye lori mnasubiri kupakia, wengine mko shifti ya usiku, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe, ila mwaka huu mambo yalikuwa mengi na kuna moja ambalo lazima niliseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mweka hazina.

Kwanza hesabu ya watu. Tulianza mwaka tukiwa 19, sasa hivi tuko 24, na wanne kati ya hao wapya wametoka Moline, ndugu zetu wa Kongo, karibuni sana jamani. Mmoja wao aliniuliza swali ambalo wote tulishaulizwa na wake zetu: yaani mtu ametoka mbali kote kule, amefika Illinois, anakusanya vijiti vya kulilia kama bata? Nikamwambia ndiyo, na ukikaa bonde hili la mto Illinois usipokusanya filimbi za bata utakusanya nini, maana hapa ndipo kwao. Watengenezaji wakubwa wa zamani walikuwa huku huku: Fred Allen alikuwa Monmouth, Charles Ditto alikuwa Keithsburg, Charles Perdew alikuwa Henry akichonga bata wa mbao na filimbi za kuitia kunguru, na P.S. Olt alianza kazi Pekin mwaka 1904. Mtu unajaza mafuta mara moja tu, unawazungukia wote na kurudi nyumbani kabla ugali haujapoa.

Sasa niende Pekin, maana ndiko tulikopata bahati ya mwaka. Mnamkumbuka yule mzee wa Kimarekani jirani yake na katibu wetu, yule anayekaa kibarazani na mbwa wake. Mwezi wa nne alimwita katibu akampa D-2 ya baba yake, ile ya zamani ambayo tundu la mwisho lina umbo la tundu la ufunguo, na hakutaka hata senti, alisema watoto wake wangeitupa tu. Kwa wageni: D-2 ni filimbi ya Olt ya mpira mgumu, siyo plastiki, na ndiyo inayohesabiwa kuwa mama wa filimbi zote za mtindo wa Arkansas zinazotumika leo. Ukitaka kujua kama ni mpira kweli, isugue kwa dole gumba mpaka ipate joto halafu nusa, utasikia harufu ya kiberiti, manake mpira huo hupikwa na salfa. Plastiki hainuki hivyo. Na tafadhali, tafadhali, msiziache kwenye dashibodi ya gari, jua linazigeuza kutoka nyeusi kuwa rangi ya kahawia kama chai ya rangi na hairudi tena hata ufanyeje.

Ila kilichonifurahisha zaidi ya hiyo filimbi ni maneno ya huyo mzee. Alisema baba yake zamani hakuwa na shida ya kupuliza kitu chochote, alikuwa na bata wa kufuga watano anawafunga kamba miguuni anawaweka majini, wale bata wanalia wenyewe na wa porini wanashuka. Halafu 1935 serikali ya shirikisho ikapiga marufuku bata hai wa kuitia wenzao, wakati huo bata walikuwa wamepungua sana kwa ukame, basi baba yake akabaki na bata watano wasio na kazi ndipo akaenda kununua D-2 akaanza kujifunza, na mama wa huyo mzee akamhamishia baba kwenye banda la ng'ombe kwa makelele. Katibu ameyaandika yote, tarehe, jina la ziwa, na hadithi ya banda, kwenye karatasi moja inayokaa na filimbi ndani ya boksi. Hicho ndicho nataka tukifanye wote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba filimbi bila karatasi yake ni kuni.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kosa langu.

Mwezi wa saba nilikuwa Tennessee kwa shughuli zangu nikapita Reelfoot Lake, lile ziwa lililotokea baada ya matetemeko ya New Madrid ya 1811 na 1812, na pembeni ya barabara kulikuwa na mnada. Dalali akatoa filimbi ya mbao yenye michoro ya miraba, ulimi (kile kipande chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti) wa shaba, akasema ni ya Victor Glodo. Mnajua jina hilo, ni baba wa filimbi za Reelfoot, mtu wa mwishoni mwa karne ya 19, na vitu vyake ni adimu sana. Mimi moyo ukaanza kwenda mbio. Katiba yetu inasema chochote zaidi ya dola 300 lazima niongee na wajumbe wawili kwanza. Sikuongea na mtu. Niliogopa yule bwana wa kofia nyuma yangu atanizidi, nikanyoosha mkono mpaka 640, hela ya chama, nikarudi nyumbani Peoria nikiwa naimba njia nzima.

Nilipoiweka mezani kwenye mkutano wa Agosti dada mweka hazina hakusema neno, aliinusa tu. Akaniangalia. Akasema, "Mwenyekiti, hii ni kiwi." Na kweli jamani, sisi tuliosoma shule za kupiga viatu rangi kila Jumapili jioni, harufu ile tungeikosaje? Mtu alichukua filimbi mpya akaipaka kiwi ya kahawia ili ionekane imezeeka. Baada ya hapo kila kitu kikajitokeza: ile shingo ambapo kamba hufungwa ilikuwa duara safi, wakati filimbi iliyoning'inia shingoni miaka 40 kamba inakula mbao upande mmoja. Mdomoni hamna alama ya jino hata moja. Ulimi wa shaba kingo zake zimekatwa na mashine, na ndani ya bomba hamna uchafu wowote, na mpulizaji wa bata anatema mate na tumbaku mle ndani maisha yake yote. Vyote hivyo navijua, nimewafundisha nyinyi wenyewe, ila siku ile macho yalikuwa yanaona jina tu.

Dalali tumempigia, anasema kila kitu kiliuzwa kilivyo. Kwa hiyo nimekubali mbele ya kamati kulipa mimi, 320 nimeshaweka, 320 nyingine namalizia Machi. Filimbi yenyewe tumeamua tusiuze, tukiiuza na sisi tunakuwa dalali wa pili. Itakaa kwenye sanduku la mafunzo imeandikwa FEKI kwa wino usiofutika, kila mgeni ainuse.

Na kwa vile nimejianika mimi, naomba na mwenzetu mmoja anisamehe nisiyemtaja. Alinunua kisanduku cha kuitia bata mzinga cha mtengenezaji M.L. Lynch kwenye uuzaji wa vitu vya garaji kwa dola 15, bahati ya mtende, halafu kwa nia njema kabisa akakipiga msasa na vanishi kikang'aa kama meza ya kuchumbiana. Ndugu zangu! Ile karatasi iliyobandikwa ndiyo ilikuwa inasema kama kilitengenezwa Birmingham kule Alabama mwanzoni au Liberty, Mississippi baadaye, sasa haipo. Na sauti nayo imekufa, maana kisanduku kinalia kwa kifuniko kusuguana na ukingo mkavu uliopakwa chaki, ukiweka vanishi kinateleza tu kimya kama mlango wa hospitali. Wazo hilo la kisanduku chenye kifuniko cha bawaba alilipatia hataza Henry Gibson wa Dardanelle, Arkansas, mwaka 1897, miaka yote hiyo hamna aliyehitaji vanishi pale. Vumbi futa kwa kitambaa kikavu. Basi. Usioshe, usisugue, usipake mafuta ya nazi (ndiyo, kuna mtu aliuliza).

Kuhusu ile filimbi ya bata mzinga yenye mdomo mweupe, maana maswali yalikuwa mengi kwenye grupu. Mama mmoja wa Iowa aliipata akataka kuiuza, watu wakaanza kusema ni pembe ya ndovu, wengine wakamtisha kuwa atafungwa. Tulikaa naye na lenzi. Pembe ya ndovu ukiitazama pale ilipokatwa ina mistari inayokatana kama wavu, mfupa una vitundu vidogo vyeusi ambamo damu ilikuwa inapita. Hii ilikuwa na vitundu, ni mfupa, aliuza salama. Lakini ingekuwa pembe, sheria ya shirikisho tangu 2016 imebana sana uuzaji kutoka jimbo hadi jimbo, zimebaki nafasi chache, kama kitu cha miaka 100 na zaidi chenye makaratasi ya kuthibitisha. Mkiona kitu cheupe msiuze wala kununua kabla hatujakitazama. Na mimi nawaambia ukweli, hata kama ingeruhusiwa sitaki chama chetu kishike kitu hicho. Kule Connecticut kuna mji unaitwa Ivoryton, jina limetokana na pembe zilizokuwa zinapelekwa huko kutengenezwa vibonyezo vya piano, na nyingi zilipitia Zanzibar, zimebebwa mabegani mwa watu kutoka bara. Tunazijua njia hizo, wengine wetu ndiko kwetu. Mfupa wa bawa la bata mzinga mwenyewe unatosha: mifupa mitatu unaichomeka mmoja ndani ya mwingine, unavuta pumzi badala ya kupuliza, inalia vizuri tu.

Safari ya Stuttgart, Arkansas, tulienda saba kwa magari mawili, wiki ya Thanksgiving. Mashindano yale ya dunia ya kuita bata yalianza 1936, mwaka mmoja tu baada ya ile marufuku niliyoitaja. Mshindi wa kwanza, Thomas Walsh wa Mississippi, alipewa koti la kuwindia la dola 6.60, na inasemekana bingwa mmoja wa miaka ile ya mwanzo aliita kwa koo lake bila filimbi. Watoto waliposikia hivyo wakaanza kujaribu ndani ya gari, masaa mawili, sitasahau. Babu wa kaka yetu wa Singida alikuwa anaeleza jinsi Wahadzabe wanavyompigia mbinja ndege wa asali naye anaitikia na kuwaongoza mpaka kwenye mzinga, kaka akawaonyesha watoto, wakanyamaza kidogo. Na mama zetu walifurahi kujua kwamba Pat Peacock, binti wa Chick Major yule mtengenezaji wa filimbi za Dixie Mallard, alichukua ubingwa wa dunia 1955 na 1956 akiwaacha wanaume wamesimama. Mwakani wanataka kwenda wao, wanaume tubaki na watoto. Kamati imepokea ombi. Mimi sina kinga.

Hela kwa ufupi: tuliingia mwaka na 1,180, ada zimeleta 960, tumetumia meza, ukumbi na mafuta 710, na ile aibu 640 ambayo nusu imerudi. Kuna 1,110 benki. Daftari liko kwa dada mweka hazina, mtu yeyote aende aangalie, msimpigie usiku.

Uchaguzi ni Jumamosi ya pili ya Februari. Nagombea tena, mkininyima sitanuna, ila mapendekezo ya kubadilisha kikomo kutoka 300 kuwa 200 nimeyaleta mimi mwenyewe na naomba mpige kura ya ndiyo. Kila mmoja aje na filimbi moja na karatasi yake imeandikwa: umepata wapi, kwa nani, lini, imewahi kufanyiwa matengenezo au la. Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, sijali.

Na yule aliyeondoka na kipande cha chaki na kamba ya shingoni ya katibu siku ya mkutano wa Novemba, bila ubaya, aje navyo.