Kisanduku kilichofichwa bado kimo ndani ya faili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie matumizi ya makro, yaani programu fupi zinazoendeshwa ndani ya waraka wa kompyuta, za kuficha maandishi kwenye vichwa vya kurasa, ambazo sisi tunaoandaa barua za ofisi tunaziona zikibebeshwa kazi zisizoziweza.

Asili yake ni njema. Barua inayochapwa kwenye karatasi zenye nembo na anwani haihitaji nembo ya pili kutoka kwenye kompyuta, ilhali barua hiyohiyo ikitumwa kwa barua pepe inaihitaji. Kwa hiyo anwani huwekwa katika kisanduku cha maandishi kwenye kichwa cha ukurasa wa Microsoft Word, na makro fupi hukificha au kukionyesha kwa kubadili sifa yake iitwayo Visible. Mtunzi makini hukipa kila kisanduku jina, tena hukumbuka kwamba waraka unaweza kuwa na kichwa cha ukurasa wa kwanza, cha kurasa shufwa na cha kurasa zilizobaki. Akisahau, ukurasa wa kwanza hutoka safi na wa pili hutoka na anwani mbili zilizopandana.

Lawama yangu iko kwingine. Wapo wanaoandika ndani ya kisanduku hicho namba ya jalada la ndani, au hata maelekezo ya mkuu kwa mwandishi wa barua, kisha wakakificha na kutuma faili lenyewe nje. Kuficha si kufuta. Mpokeaji akiingia kwenye kichwa cha ukurasa na kufungua orodha ya vitu vilivyomo, ataliona jina la kisanduku likiwa na alama ya jicho kando yake, na kubofya mara moja kunatosha kukirudisha, nywila haiulizwi.

Makro yenyewe nayo haisafiri vizuri. Faili la .docx, lile la kawaida la Word, haliibebi, na lile la .docm, linaloweza kubeba makro, likipakuliwa kwenye intaneti, Word huizuia tangu Microsoft ilipobadili utaratibu mwaka 2022, jambo ambalo anayevikumbuka virusi vya Melissa vya 1999, vilivyoenea kwa makro ya Word, hawezi kulilaumu.

Napendekeza wakuu wa masjala waagize makro ibaki kwenye kiolezo cha ofisi, na kila kisanduku kisichomhusu mpokeaji kifutwe kwa mkono kabla barua haijageuzwa kuwa PDF. Kikaguzi cha waraka kilichomo ndani ya Word, zana ya kusaka na kuondoa taarifa zilizofichika, hakifai kuachiwa kazi hiyo, kwa kuwa kikiamriwa kuondoa vichwa vya kurasa huondoka na nembo pia.

Katibu muhtasi,
Morogoro