Koa wa Mto Mtwapa

Kisauni, Mombasa

Sahibu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Huku sote tu wazima, na mama anakusalimu sana.

Umeniuliza mbona siku hizi sizamii tena nje ya mwamba, nashinda kwenye maji ya kina kifupi mtoni Mtwapa, upande wetu wa Shimo la Tewa. Ni koa wa baharini, ndugu yangu. Wamenishika.

Wengi huwakosa kwa kuwa wanamtafuta koa mwenyewe, naye pengine hafiki urefu wa ukucha. Tafuta chakula chake. Ukiona kwenye nguzo za gati vile vijiti laini mfano wa unyoya, vinavyowasha ukivigusa, tulia hapo. Hao ni wanyama, na kuna koa wasiokula kingine. Humeza hata seli zao za sumu bila kuzifyatua, wakazipeleka kwenye ncha za matamvua ya mgongoni, zikawa silaha yao wenyewe. Nikilifikiria jambo hili nasema Subhanallah! Wengine hula sifongo, kila aina na sifongo yake. Kwenye mwani kuna koa wa kijani: hufyonza utomvu wake, wakabaki na ile chembe ya kijani mwilini, na baadhi yao chembe hiyo huendelea kufanya kazi juani kwa siku nyingi.

Usipomwona, tazama mayai: utepe mwembamba uliozungushwa duara juu ya jiwe. Mwenyewe hayuko mbali. Kila koa ni dume na jike kwa pamoja, hivyo wawili wakikutana, wote hutaga.

Majuzi nilimpata mmoja mweupe mwenye ukingo wa manjano, mashavu ya kupumulia yamechanua nje mgongoni. Nilimsogezea kidole tu, sikumgusa, akayarudisha ndani. Nilisubiri mpaka akayatoa tena, na furaha niliyoipata siwezi kuiandika.

Je, wajua kwamba Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa Waingereza hapa tangu 1900 hadi 1904, alikuwa bingwa wa koa hawa? Aliandika juu ya wale wa Zanzibar na pwani yetu, na aina kadhaa yeye ndiye aliyezipa majina ya kitaalamu. Nasikitika kwamba shuleni tulisomeshwa siasa zake tu. Watoto wa Mtwapa wangepaswa kuonyeshwa viumbe hawa walio mlangoni pao.

Basi njoo wakati wa kaskazi, mwezi ukiwa nusu. Maji mafu hayana mkondo mkali, nayo hujaa kabla ya adhuhuri. Tutaingia yakikaribia kusimama, maana hapo maji safi ya bahari kuu yameshaingia mtoni. Yakianza kupwa hubeba tope la mikokoni, huoni kitu. Lete miwani yako na tochi ndogo, rangi zao hazionekani vizuri kivulini. Mitungi ya hewa ninayo miwili.

Nijibu upesi nimwambie mwenye mashua.

Wako,
Salim