Namba za rejeo zisiandikwe kwa mkono

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoandika miongozo rejea ya lugha za programu. Ukiandika kwa mkono "tazama sehemu ya 6.4.2", umejitegea mtego. Mwenzako akichomeka sehemu mpya baada ya 6.3, ile ya 6.4.2 inageuka 6.5.2, na msomaji anayetafuta kanuni za aina za data anatua kwenye vitanzi (maagizo yanayojirudia). Ubaya wake, hakuna kinacholalamika: namba ipo, ila si yake.

Dawa ni lebo, yaani jina fupi la sehemu, isiyobadilika hata kichwa cha sehemu kikibadilika. Namba iwekwe na mashine. Kiwango cha C++, yaani waraka rasmi wa kanuni za lugha hiyo ya programu, hufanya hivyo: kila kifungu kina lebo kwenye mabano ya mraba, mfano [basic.life]. Kwenye LaTeX, programu ya kupanga kurasa za maandishi, tumia \label (kuweka lebo) na \ref (kuirejea), na uiendeshe mara mbili, kwani mzunguko wa kwanza huandika tu lebo kwenye faili la .aux. Ukiona ?? hata baada ya hapo, lebo imekosewa au haipo. Sphinx nayo, programu ya kutengeneza nyaraka, iendeshwe kwa -n (itaje kila rejeo lisilopatikana) na -W (onyo liwe kosa), rejeo lililokatika lihesabiwe kosa, si onyo ambalo (tukubali) hakuna anayelisoma.

Kuna kosa ambalo mashine hailioni: rejeo linafika salama, lakini kanuni iliyoahidiwa imeshahamishiwa sehemu nyingine. Hilo linataka macho. Kabla ya kutoa toleo, tafuta lebo ya kila sehemu iliyoguswa, kisha usome kila sentensi inayoitaja.

Mwandishi wa nyaraka za programu